Uso Mmoja, Abiria Ishirini na Nne

Alhamisi, tarehe 3 Julai

Nimechoka, na bado sijaanza. Hiyo ndiyo hali yangu.

Leo Ndaya ametuita kwenye ngazi za idara ya informatique, yaani ya kompyuta. Kundi letu la mwaka wa tatu lina watu watatu. Ndaya anaandika programu. Kaumba anatafuta sauti. Mimi, Gaston, nachora. Mchezo wetu wa kompyuta unaitwa Kontrolere. Mchezaji ni kontrolere wa treni ya Kamina kwenda Luena. Anapita kwenye mabehewa, anaomba tikiti, na asiye nayo anashikwa ukosi na kushushwa kituo kinachofuata. Wazo la Ndaya, bila shaka. Mawazo yangu yote yalikataliwa tangu mwezi wa kumi.

Tunautetea mbele ya jopo Jumamosi tarehe 12. Siku tisa! Ndaya ameuliza picha ziko wapi. Nimesema ziko karibu kwisha. Amenikumbusha kwamba neno hilo nalisema tangu mwezi wa tatu. Msichana huyu hasahau kitu, na hilo halipendezi kwa rafiki.

Kisha akanipa orodha. Abiria ishirini na nne. Kila mmoja na uso wake. Kila mmoja picha nne: ameketi, amesimama, ananyoosha tikiti, anashushwa. Jumla, picha tisini na sita. Nimekunja karatasi vizuri na kuiweka mfukoni, kama mtu mwenye mpango.

Ukweli nauandika hapa tu. Kwa miezi minne nimechora gurudumu moja. Ni gurudumu zuri sana.

Nyumbani baba amerudia neno lake. Baba, Papa Musau, ni fundi wa reli miaka thelathini, na hapendi maneno mengi. Nikirudia mwaka, nitakwenda Kabongo kwa mjomba Nkulu kulima mihogo. Hakupaza sauti. Alikuwa anatia mpini mpya kwenye jembe, na alipomaliza akalisimamisha karibu na mlango. Mimi na jembe! Mikono hii!


Ijumaa, tarehe 4 Julai

Nimenakili gurudumu langu mara thelathini na mbili. Nina treni! Kazi ya dakika kumi. Ndaya amefurahi, amesema magurudumu yote yanafanana kama ya kweli. Ameuliza abiria. Nimesema karibu.

Nimekutana na Hénoch mlangoni. Hénoch ni wa kundi la pili. Mchezo wao ni wa shamba la mahindi na nyani. Kaka yake amemletea kutoka Lubumbashi kibao cha kuchorea, na kalamu yake. Amenionyesha mbuzi wake. Mbuzi ana kope. Kope! Mbuzi ambaye anapita nyuma ya mahindi kwa sekunde mbili! Nimemwambia ni kazi nzuri, ingawa macho yamekaa kando kidogo. Hayakukaa kando.

Kaumba ameshinda stesheni kutwa, simu mkononi, akingoja treni ipige honi airekodi. Treni haikufika.


Jumamosi, tarehe 5 Julai

Nimepata njia. Kwa nini nibuni nyuso wakati nyumba yetu ina albamu? Nimechukua picha ya harusi ya wazazi, nimeipiga kwa simu, nimeitia kwenye kompyuta, nimefuata mistari kwa kipanya. Saa moja tu, mama yangu akawa abiria namba 1, ameketi karibu na dirisha, kisha akishushwa, anafanana kabisa.

Kosa langu ni kuita watu waone. Mama ameuliza kwa nini mtu wa kofia anamvuta ukosi. Nimemweleza kwamba katika mchezo hana tikiti. Halafu ameita baba, na baba akaacha chakula. Nimesikia maneno haya mpaka masikio yamewaka moto: "Muke ya mutu wa reli, bila tikiti? Mu treni gani? Weye, minyi nimetumika miaka makumi tatu, muke yangu bamushushe mu njia?" Nimesema ni mchezo tu. Amesema mchezo wangu uko Kabongo.

Nimemfuta mama. Amesimama nyuma yangu mpaka akahakikisha nimemfuta.

Nimejifunza jambo: watu hawapendi kushushwa kwenye treni, hata kwenye picha. Basi nitafute watu wasionijua.


Jumapili, tarehe 6 Julai

Misa ya pili. Watu mia tatu, nyuso mia tatu, wote wametulia! Nilijua nimefika pahali pangu. Nimepiga picha saba kwa siri wakati wa mahubiri. Ya nane simu ikatoa mwanga.

Padri Amédée amesimamisha mahubiri. Baada ya misa ameniita pembeni. Nilitegemea kufokewa. Lakini Padri Amédée ni mtu wa kucheka, tena anatufundisha kozi ya maadili pale shuleni, ananijua kama mwanafunzi wa kuketi nyuma. Nimemweleza shida yangu. Amecheka mpaka miwani imeshuka, akasema: "Kama unatafuta uso, yangu iko hapa. Bantu yote banaijua."

Nimemshukuru kwa heshima. Lakini nani ataamini padri asiye na tikiti? Nimefuta zile saba pia, alikuwa anaangalia.

Mchana sikuchora. Jumapili ni siku ya kupumzika, na mimi nilikuwa nimechoka tangu Alhamisi.


Jumatatu, tarehe 7 Julai

Baridi asubuhi, moshi wa majani yanayoungua mashambani, vumbi mpaka kwenye meno. Nimekwenda soko la karibu na stesheni na simu yangu.

Hakuna anayekubali. Muuza chumvi amedhani mimi ni wa kodi. Muuza mkaa amedhani ni wa kuandikisha kura, ameuliza kadi yake ya zamani itafaa. Mmoja amefunika uso kwa beseni. Nimezunguka mpaka miguu imekataa.

Halafu nikampata Mama Clémentine. Anauza samaki wa kukaushwa wanaotoka Bukama. Uso mpana, alama nyeusi shavuni, jicho la mtu ambaye hajawahi kupunguza bei. Alikubali mara moja. Alijifunga kitambaa upya, akakaa wima juu ya kiti chake, akaniambia nipige na samaki pia. Nimepiga. Ameuliza ni ya nini. Nimesema ni ya shule, ya kutetea mbele ya jopo.

Hapo ndipo ameniambia kitu cha kunifanya nisahau uchovu. Mkwe wake ni Chef Kabwe! Chef de travaux wetu, mwalimu anayesimamia kazi zetu, mkuu wa jopo, yule anayetoa pointi! Mama Clémentine amesema kwa fahari: "Njo bwana ya mutoto wangu. Miaka kumi na moja, hata siku moja hajaniangalia mu uso. Akiniona mu njia, anapita ngambo ingine. Iko na heshima, ile mutoto."

Maskini Chef Kabwe. Miaka kumi na moja hajamwona mama mkwe wake vizuri.

Hayo mambo ya wakwe nayajua kidogo. Mama yangu, mzaliwa wa Kabongo, huyasema. Mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Lakini sisi wa kambi ya reli tumechanganyika, baba amezaliwa Kalemie, hatuna muda wa hayo yote. Tena picha haili chakula. Chef atamwona raha mustarehe, bila kuvunja kitu, na atajua ni nani aliyemchorea. Nimerudi nyumbani nikiimba.


Jumanne, tarehe 8 Julai

Uso wa Mama Clémentine umekwisha. Alama ya shavuni imetoka vizuri hasa.

Zimebaki nyuso ishirini na tatu na siku nne. Nimetazama ile treni yangu ya gurudumu moja. Ndipo nikaelewa.

Nimenakili.

Nimebadilisha rangi ya kitambaa. Nyekundu, kijani, ya maua, ya madoadoa. Kikwembe, yaani kitenge, hiki na kile. Kufikia saa sita, wanawake wapya kumi na mmoja. Wanaume walinisumbua kidogo, lakini masharubu yamesaidia. Masharubu mafupi, marefu, ya kupinda. Nikaongeza kofia. Kufikia saa kumi, wanaume kumi na wawili. Mmoja wao ametoka na masharubu na kitambaa pamoja. Nimemwacha, nimechoka, na safarini unakutana na watu wa kila aina.

Ishirini na nne! Mkao wa kushushwa nimeuchora mara moja tu: mikono juu, mdomo wazi, samaki wanaruka.

Kaumba yuko stesheni bado. Amezoeana na walinzi, wanampa maharagwe.


Jumatano, tarehe 9 Julai

Hénoch amekuja idarani wakati nachora mabegi. Amesimama nyuma yangu. Sipendi mtu nyuma yangu. Baada ya muda amesema taratibu: "Ndugu, ile bantu yote iko na uso moja."

Nimemwambia ni mtindo. Amesema hata mwenye masharubu? Nimesema hasa huyo.

Kisha amejitolea kunichorea nyuso sita kwa kibao chake, bure, kwa sababu yeye amemaliza. Amemaliza! Siku tatu kabla! Mtu wa namna hiyo anataka nini? Anataka picha zetu ziwe na kope, ili kila mtu ajue ni zake. Nimekataa kwa adabu. Ameinama karibu na kompyuta, ameuliza kama huyu si mama wa mtu fulani. Nimefunga kompyuta kabla hajamaliza. Wivu tu.


Alhamisi, tarehe 10 Julai

Betri imekufa. Nimeshinda kwenye nyumba ya kuchaji, nyuma ya simu kumi na tisa na redio moja. Jua hafifu kwa sababu ya moshi, kioo chao cha jua kinachaji polepole. Nimelala nimeketi. Nimeota nalima.


Ijumaa, tarehe 11 Julai

Nimempa Ndaya picha tisini na sita. Niliziita kwa majina ishirini na manne tofauti, kazi ambayo ilinichukua muda mrefu kuliko masharubu.

Ndaya hajalala vizuri wiki nzima, inaonekana machoni. Amefungua ya kwanza, akafungua ya tano, akafungua ya kumi na saba. Akaniangalia. Ameuliza kwa nini wote wana alama shavuni. Nimesema wanatoka kijiji kimoja. Ameuliza kama wenye sura hizo wamekubali. Nimesema wote wamekubali kwa kauli moja. Hilo si uongo.

Hakunipigia kelele. Ameweka kichwa juu ya meza kidogo, kisha amenyanyuka na kuanza kuzitia kwenye programu, moja moja, kwa sababu muda wa kitu kingine haupo. Mama yake amefiwa na mume akiwa na watoto watano, na Ndaya ni wa kwanza kufika mwaka wa tatu. Akishindwa mimi ndiye niliyemshindisha. Jambo hili limenikaa kifuani njia nzima mpaka nyumbani, na silipendi.

Lakini yeye hajui silaha yangu ya siri. Nimemwomba Ndaya amweke Mama Clémentine namba 1, yule wa kitambaa chekundu, mbele kabisa, behewa la kwanza, mkubwa. Chef asimkose.

Kaumba hakupata honi. Mahali pa honi ametia sauti ya mbuzi wa mlinzi.


Jumamosi, tarehe 12 Julai

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Saa tatu, ukumbi umejaa. Baba amekuja na shati lake la reli. Jopo ni watu wawili: Chef Kabwe, na Madame Christelle anayefundisha hesabu. Jenereta inanguruma uani, madirisha yamefunikwa. Projekta inatupa picha kwenye shuka kubwa, na shuka limetundikwa ukutani karibu na mlango. Mlango ni mmoja. Nitaurudia huo mlango.

Kundi la Hénoch limeanza. Mbuzi akapita. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya kope! Pointi kumi na sita juu ya ishirini.

Halafu sisi. Ndaya ameeleza vizuri mno, mpaka nimejisikia fahari bure. Chef Kabwe anapenda treni, kila mtu anajua. Amesema atacheza mwenyewe. Amesogeza kiti, amekaza tai, ameweka vidole kwenye kibodi. Treni ikaondoka Kamina kwa sauti ya mbuzi. Kontrolere akafungua mlango wa behewa la kwanza.

Abiria akageuza uso. Mita mbili kwa mita mbili.

Nyuma ukumbini mtu amesema: "Ee! Si Mama Clémentine wa samaki?"

Chef Kabwe ameondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza. Amesimama. Amevua kofia. Ameinamisha kichwa, amepiga makofi mawili ya taratibu ya salamu, akarudi nyuma hatua tatu kumpisha.

Mimi, mjinga, nilidhani ni furaha. Nilitabasamu! Nilimkonyeza baba!

Ndaya alidhani Chef hajui kitufe. Amemsaidia kwa sauti ya upole: "Chef, bonyeza pale. Ile mama haiko na tikiti. Umufukuze inje."

Chef amegeuza kiti chake kikaangalia ukuta wa pili, akaketi.

Wazee waliokuwa mstari wa mbele wakaanza kuangalia viatu vyao. Madame Christelle amezaliwa mbali, yeye aliona mwenzake ana kizunguzungu, basi akachukua kibodi kumsaidia. Akabonyeza. Kontrolere akamshika Mama Clémentine ukosi. Mikono juu, mdomo wazi, samaki wakaruka. Mbuzi akalia. Watoto wakashangilia.

Chef, uso ukutani, ameuliza: "Bado iko?"

Madame Christelle ameangalia shuka. "Bado iko, Chef. Ingine. Na kitambaa ya kijani."

Amemshusha wa kijani. Akaja wa maua. Chef akauliza tena kama yuko. Madame akasema: "Iko, Chef. Na ingine. Na ingine tena." Sasa naye alikuwa ameanza kuelewa. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa: "Hii iko na mustashe." Masharubu yangu!

Chef alitaka kutoka. Lakini nimesema mlango ni mmoja, na uko kando ya shuka. Kutoka ni kupita mbele ya mama mkwe, karibu ya kumgusa. Alinyanyuka, akaona kivuli chake mwenyewe kimeanguka juu ya goti la Mama Clémentine, akakaa tena. Ameweka faili la pointi juu ya kichwa. Ndaya anajaribu kufunga mchezo, lakini aliuandika vizuri mno: kontrolere haachi kazi kabla ya Luena. Behewa la pili. La tatu. Baba amefunika uso kwa kofia yake ya reli.

Na hapo, nje, kwa mara ya kwanza wiki nzima, treni ya kweli imepiga honi. Kaumba ameruka juu ya benchi na kukimbia na simu yake. Hakurudi.

Mimi nimekimbilia uani nikazima jenereta. Ni kitu kimoja tu cha maana nilichofanya mwaka huu. Katika giza la ukumbi tumesikia Chef Kabwe akisema asante, kwa nani sijui, na miguu yake ikienda haraka kuelekea mlango.

Matokeo yamebandikwa saa nane. Kontrolere: hakuna pointi. Si sifuri, hakuna. Madame Christelle ametueleza. Chef amesema mchezo ni mzuri, programu ni safi, lakini yeye hawezi kupima pointi juu ya mama mkwe wake, na tena amemsikia akishikwa ukosi mara tano, na kwao hakuna mtu anayeketi na kushuhudia hilo. Tutatetea upya tarehe 26, na mkuu wa jopo mwingine.

Ndaya amefunga kompyuta yake, ameifuta vumbi kwa kiganja, ameondoka. Ningependa kama angenitukana.


Jumapili, tarehe 13 Julai

Mama Clémentine amekuja nyumbani. Nimejificha jikoni. Baba ameniita kwa jina langu lote.

Kumbe hakuja kupigana. Jana jioni Chef Kabwe ametuma kwake, kwa mkono wa shangazi yake, kuku wawili na kipande cha kikwembe, kuomba msamaha kwa kumwona. Mama Clémentine amevaa kikwembe hicho tayari. Ameniambia: "Minyi nimefurahi, mutoto wangu. Lakini mustashe, hapana. Mustashe umekosa."

Mama yangu amenieleza, kwa subira ya mtu anayeeleza kwamba maji yanalowesha, kwamba mkwe anamkwepa mama mkwe kila mahali, njiani, mlangoni, kwenye picha, popote. Ameuliza sikuliona hilo? Nimesema nilijua juu ya chakula tu. Mama amekaa chini.

Baba amehamisha jembe. Lilikuwa karibu na mlango, sasa liko karibu na godoro langu.


Jumatatu, tarehe 14 Julai

Ndaya amenipokea kwenye ngazi za idara. Kundi haliwezi kubadilishwa, kanuni za shule. Ameuliza kanuni hizo kwa watu watatu. Amebaki nami.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nimesema moja tu, kwamba nimeona aibu, na ni kweli, nimeona. Amekubali kwa kichwa. Amesema hataki maelezo, hataki mtindo, anataka kitu kimoja: abiria ishirini na nne, nyuso ishirini na nne. Nimeahidi. Amesema Hénoch bado yuko tayari kusaidia. Nimesema tutaona.

Kaumba amerudi kutoka stesheni na honi yake. Ni nzuri sana. Nyuma yake inasikika sauti yake mwenyewe akilia kwa furaha.


Jumanne, tarehe 15 Julai

Leo nimefikiri sana, na nimepata kosa langu lilipokuwa. Si kunakili. Kunakili kulifanya kazi vizuri, magurudumu ni shahidi. Kosa lilikuwa kuchagua uso wa mtu mwenye wakwe. Ilitakiwa mtu asiye na mkwe duniani, asiyeweza kuwa naye hata akitaka.

Na saa nne, bila mimi kuomba, wamebandika jina la mkuu mpya wa jopo la tarehe 26. Ni Padri Amédée!

Nimesoma mara tatu. Mtu asiye na mke, kwa hiyo asiye na binti, kwa hiyo asiye na mkwe! Mtu anayependa kucheka! Tena amejitolea uso wake mwenyewe, mbele yangu, kwa mdomo wake! Uchovu wote umeniondoka. Nimekimbia parokiani, nimempiga picha akipanga viti. Ameniuliza kama ni ya mchezo, nimesema itakuwa zawadi ya kumshangaza. Amefurahi, amerekebisha miwani.

Uso umekwisha kabla ya jua kuzama. Miwani imetoka vizuri mno. Nimeshanakili tisa. Wanawake nitawavalisha vile vitambaa vya zamani na vikwembe, viko tayari, hakuna haja ya kupoteza kazi nzuri. Namba 1 atakuwa mbele, behewa la kwanza, mkubwa. Mkao wa kushushwa pia upo, nabadilisha kichwa tu. Samaki nawaacha.

Ndaya amepiga simu, sauti imechoka. Ameuliza picha zimefika wapi. Nimesema ziko karibu kwisha. Ameuliza, taratibu, ni nyuso ngapi.

Nimemwambia ishirini na nne.